Nikikabidhi Parokia: Barua kwa Mwalimu Wangu

Mombasa,
Jumatatu baada ya Pentekoste

Mwalimu wangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Bura, wewe pamoja na Mama na wajukuu, na kwamba goti lililokuwa likikusumbua limepata nafuu. Sisi huku mvua za masika bado hazijatuacha, na njia ya kutoka kivukoni hadi kanisani imejaa madimbwi, lakini jana watu walijaa hata wengine wakasimama nje chini ya turubai.

Nakuandikia kukupa habari ambayo ningependa uisikie kwangu kabla hujaipata kwa watu wengine. Kama unavyojua, Sheria za Kanisa, katika kanuni ya 538, zinamwomba paroko anayetimiza umri wa miaka 75 awasilishe kwa askofu barua ya kung'atuka, kisha askofu ndiye anayeamua. Barua yangu niliiwasilisha, imekubaliwa, na mwishoni mwa Juni nitamkabidhi paroko mpya funguo, mhuri na vitabu.

Ni hivyo vitabu vilivyonifanya nikukumbuke sana wiki hii. Nilikuwa ofisini nikivipanga kwa ajili ya makabidhiano, nikafungua Kitabu cha Ubatizo cha miaka uliyohudumu nasi kama katekista, mwalimu wetu wa dini, na kila ukurasa ulikuwa na mwandiko wako, zile herufi zilizolala kuelekea kulia, kwa wino wa buluu, bila kufutwafutwa. Nilisimama kwenye mstari wa binti mmoja ambaye wewe ulikwenda kumtafuta nyumbani kwao alipokuwa akikosa mafundisho. Jina la mama umeliandika, na mahali pa jina la baba umepiga kistari kifupi tu. Pembeni, kwa mkono wa mtu mwingine, imeandikwa kipaimara chake, na chini yake ndoa yake, kama kanuni inavyotaka. Kisha nikachukua kitabu kipya, nikamkuta tena, safari hii akiwa mama wa mtoto anayebatizwa, na nafasi ya baba imejazwa. Mwalimu, nilikaa na vitabu hivyo viwili mbele yangu kwa muda mrefu, nikamshukuru Mungu kwa ajili yako. Maji nilimmwagia mimi, lakini aliyevuka vichochoro vile jioni baada ya jioni, akamsihi mama wa mtoto na kumngoja mtoto mwenyewe atoke alikojificha, ni wewe.

Siku hizi watu wananiaga kwa hotuba nzuri, na wengi wanasema kwamba parokia hii nimeijenga mimi. Nawashukuru kwa upendo wao, ila sikubaliani nao, na wewe unajua kwa nini. Nilikuwa bado mseminari mwaka 1976, maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipoamua kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe kipaumbele cha uchungaji katika nchi zetu, na nakiri kwamba wakati ule sisi vijana tulilisikia jambo hilo kama mpango mmoja kati ya mipango mingi. Baadaye nimeona kwa macho yangu kwamba parokia inapumulia huko. Misa ya Jumapili inatukusanya sote, na hakuna kinachoweza kushika nafasi yake, lakini ni katika jumuiya, uani kwa mtu, baada ya kusoma Injili ya Jumapili ijayo, ndipo panapojulikana nani hajaonekana kazini, nani amefukuzwa nyumba, na nani atampelekea uji yule mjane kesho asubuhi. Unakumbuka Agosti 1997, maelfu ya watu walipokimbilia uwanja wa kanisa la Likoni kwa sababu ya zile ghasia? Mimi nilikuwa upande wa kisiwani, wewe ulikuwa huko, na uliniambia kwamba viongozi wa jumuiya walizijua familia zao kwa majina, wakajua upesi ni nani aliyefika na ni nani bado anatafutwa. Jambo hilo halikuwezekana kwa sababu ya hotuba zetu sisi mapadre.

Ulipata kuniuliza, tukiwa tunarudi mazishini, kama imani ya padre hupungua kwa kuona vifo vingi. Sikukujibu vizuri siku ile. Leo nakujibu kwamba yangu imeongezeka, tena mara nyingi imeongezewa na watu wasio wa kanisa letu. Mwaka huu, katika mwezi wa Ramadhani, niliitwa kumpaka mafuta mama mmoja mgonjwa katika nyumba ya vyumba vya kupangisha. Nilimkuta ameshaogeshwa na kuvalishwa leso safi na jirani yake wa chumba cha pili, Mwislamu, ambaye alikuwa amefunga. Nilipoanza sala alitaka kutoka kwa heshima, lakini mgonjwa alimshika mkono, naye akabaki. Nikampaka mgonjwa paji la uso na viganja, yale mafuta anayoyabariki askofu katika Misa ya Krisma, na kiganja cha kushoto ilibidi nikisubiri kwanza kiachiliwe na yule jirani. Adhana ya magharibi ilikuwa imeshalia. Aliingoja amina ya mwisho, ndipo akaenda kufuturu. Nimesoma teolojia miaka mingi, nami naithamini, lakini Mungu aliyenionyesha upendo wake katika chumba kile ndiye ninayemhubiri, na pwani yetu imenifundisha kumtambua hata anapokuja kwa mlango wa jirani.

Kuna jambo moja linalonigusa kuliko yote katika kuondoka huku, na waamini wengi hawalijui. Paroko anapaswa, kila Jumapili na sikukuu ya amri, kutoa Misa kwa nia ya watu aliokabidhiwa. Wajibu huo unaisha pamoja na cheo. Nitabaki padre, na nitaadhimisha Misa mahali watakaponituma, lakini Jumapili ya kwanza ya Julai nia ile itakuwa mikononi mwa mwingine. Hakuna wa kunizuia kuendelea kuwaombea, na nitawaombea. Hata hivyo nahisi jinsi anavyohisi mzazi anayemwoza binti yake.

Sasa nije kwenye ombi langu. Papa Fransisko, Mei 2021, aliifanya huduma ya katekista kuwa huduma rasmi katika Kanisa, nami nilifurahi sana, lakini nimeendelea kuumia nikiona makatekista waliotumikia tangu ujana wao wakistaafu kwa barua ya shukrani na rozari, bila hata njia ya kulipia dawa. Nimelisema katika baraza la parokia, nimeliandika katika ripoti ya makabidhiano, na paroko mpya ameahidi kwamba sehemu ya sadaka ya mavuno ya kila mwaka itatengwa kwa ajili yao. Lakini makatekista wapya nao wanahitaji kufundishwa na mtu aliyeifanya kazi yenyewe. Mwezi wa Julai kutakuwa na semina yao hapa parokiani. Naomba uje, kama goti litaruhusu, uwaonyeshe namna ya kumtembelea mgonjwa, namna ya kuongea na mzazi asiyetaka mtoto abatizwe, na namna ya kuandika vitabu vile kwa usafi ule wako. Mimi nitakuwepo, nikiwa mmoja wa wasikilizaji.

Panda gari hadi Voi, kisha treni, nami nitakupokea stesheni ya Miritini. Nauli italipwa na parokia, na chumba cha wageni kipo. Nijibu kabla ya sikukuu ya Mitume Petro na Paulo, ili nimjulishe mwenyekiti wa baraza kabla sijamaliza makabidhiano. Msalimie Mama sana.

Ndimi ndugu yako katika Kristo,
Padre