Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga: tuonyesheni kabla ya kuturuhusu

Ndugu Mganga Mkuu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa Pangani. Mama yangu yuko hapa pembeni, anafunga kanga. Pindo moja kalibana kwapani, la pili analivuta kwa mkono wa kushoto kisha analichomeka. Imemchukua miezi minane kuijua upya kazi hiyo, na nikinyoosha mkono kumsaidia ananisukuma.

Kiharusi kilimpata alfajiri. Mdomo ulikwenda upande, mkono wa kulia ukalegea. Majirani wakasema kapigwa na upepo, tukamleta mzee wa kufukiza. Simlaumu mtu, maana ubani nilikwenda kuununua mimi. Sasa najua kwamba mshipa ukiziba kichwani, ubongo hupoteza seli zipatazo milioni 1.9 kila dakika, na kwamba dawa ya kuyeyusha donge la damu hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, tena baada ya picha ya kichwa kuonyesha kuwa mshipa haukupasuka. Sisi tulifika hospitali jioni.

Ila lililonifanya nishike kalamu ni siku tuliyoruhusiwa. Tulipewa vidonge vya presha na kuambiwa, "Mfanyisheni mazoezi." Mazoezi gani, hatukuonyeshwa. Tukawa tunamwinua kwa kumvuta mkono uliopooza, kumbe bega ambalo misuli yake imelegea huteguka kwa kuvutwa hivyo. Tukamnywesha uji akiwa amelala, akapaliwa. Koo nalo hupooza, na chakula kikiingia mapafuni huleta nimonia. Muuguzi angetuonyesha mambo hayo mawili kwa dakika kumi.

Halafu maneno. Kila alichokitaka mama alikiita "nazi". Maji nazi, mswaki nazi, mimi mwanawe nazi. Wageni wakadhani akili imemruka, wakawa wanamsema mbele yake. Akili ilikuwepo. Kilichoumia ni upande wa kushoto wa ubongo, unaoongoza upande wa kulia wa mwili na ambao kwa watu wengi ndio wenye lugha. Usiku mmoja nikamsikia anasoma Alhamdu, mwanzo hadi mwisho, bila kukwama. Nililia. Yale tuliyoyakariri tangu utotoni, dua, nyimbo, kuhesabu, mara nyingi hubaki hata mazungumzo yakipotea. Tukaanzia hapo: tunahesabu pamoja vijiko, kisha natulia, namwachia yeye amalizie.

Ubongo hujifunza upya. Sehemu nzima huchukua kazi za iliyokufa, kwa kurudia na kurudia, na miezi mitatu ya mwanzo ndiyo yenye mavuno makubwa, ingawa baadaye pia mtu huendelea kupata nafuu. Miezi hiyo mitatu sisi tuliimalizia kitandani. Mtaalamu wa mazoezi tiba tulimpata mwezi wa tano, Tanga mjini, kilomita zipatazo 50 kutoka kwetu, na mgonjwa wa kubebwa hapandi daladala kila wiki.

Naomba mawili. Anayeuguza asiondoke wodini na mgonjwa wa kiharusi mpaka ameonyeshwa kumgeuza, kumwinua na kumlisha, na yeye mwenyewe ameyafanya mbele ya muuguzi. Na mtaalamu wa mazoezi tiba aje Pangani, hata siku moja kwa mwezi, siku itangazwe misikitini na makanisani ili wagonjwa walio ndani tuwatoe.

Mama anakusalimu.

Wako,
Binti anayeuguza, Pangani