Hawaamini, na Wana Sababu

Chamwino, Dodoma

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sote wazima, na alizeti tumeshavuna. Barua yako imefika, na lile neno lako kwamba watu wa huku wanaipuuza mipango ya serikali ya kupunguza gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto la dunia na kuvuruga mvua, kwa sababu hawajaelimika, limenikaa moyoni.

Wanaelewa, shoga. Mwenye shamba la uwele hapa hangoji semina ndipo ajue mvua zimeharibika. Msimu wetu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka. Ukivurugika, kila jiko linajua. Wanachotilia shaka ni mpango wenyewe, na nani atakayeubeba.

Angalia nishati safi ya kupikia. Mkakati uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Naliunga mkono lengo hilo kwa moyo wote, maana nawajua akina mama wanaokohoa usiku kucha kwa moshi wa kuni. Mitungi ya kilo sita ikaja, mingine ya bure, mingine ya ruzuku, na picha zikapigwa. Gesi ilipoisha, kujaza tena kukataka zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo. Mkaa unanunua wa kopo, wa kuivisha ugali wa leo, na kesho ukipata hela unanunua mwingine. Kwa hiyo mitungi imerudi uvunguni. Ukimwita mama huyo mbishi, unamwonea.

Halafu kuna hesabu ambayo hakuna anayeifafanua. Tanzania iliahidi mwaka 2021 kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030. Msikilizaji wa redio anadhani tutashuka chini ya kiwango cha leo. Sivyo. Kipimo ni kiwango ambacho tungefikia 2030 kama tusingefanya lolote, na sehemu kubwa ya kazi inategemea fedha za wahisani. Nchi inaweza kutoa gesi nyingi kuliko jana na bado ikatimiza ahadi. Sioni ubaya, sisi ni maskini na mchango wetu katika kuichafua dunia ni mdogo mno. Lakini waambieni watu hivyo!

Huku mchoma mkaa ananyang'anywa magunia yake barabarani, bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, linapita mkoa huu huu likielekea kwenu Tanga, kilomita 1,443. Kijana akiniuliza kwa nini gunia lake ni kosa na bomba ni maendeleo, nimjibu nini? Treni ya umeme na bwawa la umeme la Julius Nyerere sivipingi, hivyo tunaviona kwa macho.

Tena watu wa mkoa huu wana kumbukumbu ndefu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa kutoka katika eneo la Kondoa lililoliwa na mmomonyoko. Nyasi zilirudi, miti ikarudi, hilo ni kweli na ni jambo kubwa. Ila wenye ng'ombe ndio waliolipa, na wazee bado wanalisimulia. Mpango mpya wa mazingira ukitajwa, wao huuliza kwanza ni nani atakayehamishwa safari hii.

Kinachoaminika ni kama kisiki hai. Mkulima anachagua machipukizi kwenye kisiki kilichomo shambani mwake, anapogoa, anaacha machache yenye nguvu, na baada ya misimu michache ana kivuli na kuni. Mti ni wake, na hasubiri tamko la mtu.

Mimi ningependa jambo moja. Kwenye mkutano wa kijiji tunasomewa mapato na matumizi, na mwenyekiti anabanwa maswali mpaka jasho linamtoka. Basi na mpango huu usomwe hapo hapo: tuliahidi nini, fedha zilizoingia ni kiasi gani, mitungi mingapi bado inajazwa. Watu wasipopata nafasi ya kuuliza, kwa nini waamini?

Sasa niambie wewe: hapo Chongoleani bomba linapoishia, watu wameelezwa nini kuhusu moshi na bahari yao? Usinipe ya redioni, niandikie unayoyasikia sokoni. Msalimie mama, na umwambie karanga zake nitampa mtu wa basi wiki ijayo.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Chamwino