Tela lako: maji na hewa kwanza, kitanda baadaye

Wete, Pemba

Sahibu yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Karafuu zinateremka, na mimi usiku nalala shamba Mtambwe, ndani ya tela langu, kile kijumba cha magurudumu kinachovutwa na gari.

Nimefurahi mno kusikia na wewe umelipata lako. Picha ulizonitumia nimezitazama moja moja, nikazikuza mpaka nikaiona kutu ya bawaba za mlango. Umeniuliza kitanda kikae wapi na mapazia yawe ya rangi gani. Nakuomba kwa mapenzi tuliyonayo, hayo usiyaanze. Tela la kulalia likifika visiwani mwetu lina mambo mawili ya kumalizwa kwanza: maji yasiingie, na hewa ipite. Ukitanguliza kitanda, utakuja kukibomoa ili uufikie ubao uliooza nyuma yake.

Matela yetu yote mawili yametengenezwa Uingereza, kwa watu wanaojikinga na baridi. Ndani ya kuta mna lile povu jeupe, madirisha yamebanwa kwa mipira, chini pametandikwa zulia. Yote hayo yamewekwa ili joto lisitoke. Hapa kwetu joto tunalo la kutosha, na hewa yenyewe ina unyevu na chumvi. Watu wawili wakilala humo kila kitu kimefungwa, pumzi na jasho lao vinatosha kuotesha ukungu chini ya godoro. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kulifungua tela kwa hewa na kulifunga kwa maji. (Kuna heri moja katika kutengenezwa kwake Uingereza: wao wanapita kushoto kama sisi, basi mlango wako unatazama ukingoni mwa barabara na si kwenye magari, na plagi za ndani ni zile zile za nyumbani kwetu.)

Anza na maji, na uanze kabla ya masika. Mtoe kila kilichomo, mtu mmoja aingie ndani na tochi, wewe ubaki nje na mpira wa maji. Mwagia chini kwanza, usawa wa sakafu, kisha madirisha, kisha mishono ya pembeni, halafu ndiyo upande paani. Ukianzia juu maji yatateremka kote na hutajua yameingilia wapi. Baada ya hapo pita na kidole gumba kwenye kuta za ndani, chini ya kila dirisha na kwenye pembe zote. Pakibonyea kama mkate wa kumimina, ubao wa nyuma yake umeshakwenda.

Ukipata panapovuja, tafadhali usipake silikoni juu ya silikoni. Hii ndiyo kazi ninayoiona kila mahali na inaniuma, kwa sababu gundi mpya haishiki juu ya silikoni kuukuu. Mwenye tela anaamini ameziba, kumbe maji yanapita chini kwa chini na mbao zinaoza bila ya yeye kujua. Ng'oa ule utepe wa alumini wa mshono, kwangua gundi ya zamani mpaka bati ling'are, futa kwa spiriti, acha ubao ukauke sawasawa. Ndipo utie utepe wa butili, ule wa mpira laini unaonata, urudishe ule wa alumini, na ukingoni umalizie kwa gundi ya poliurethani, ile wanayotumia wenye boti. Ni kazi ya kuchosha mikono, lakini ndiyo inayoamua kama tela litakaa au litakufa.

Kwangu pembe ya mbele ubao ulikuwa umeoza. Nilimwita fundi wa majahazi, mzee wetu mmoja wa hapa ambaye umri wake wote amekalafati vyombo kwa pamba na sifa, yale mafuta ya samaki. Hakusema kitu. Aligonga ubavu kwa kifundo cha kidole, kuanzia mlangoni kwenda mbele, akisikiliza, na pale sauti ilipobadilika akachora kwa chaki. Tulipolifungua bati, uozo ulikuwa umeishia pale pale kwenye chaki. Ubao wenyewe wa pembe una mpindo, na mimi nilikuwa nikiwaza kuunga vipande. Mzee akaenda bandani kwake, akarudi na tawi kavu la mfenesi lililopinda lenyewe, aina ile anayoiweka kwa ajili ya mataruma, yaani mbavu za chombo. Akalichonga kwa tezo, akilipima na kulitoa, akilipima na kulitoa, mpaka likaingia mahali pake kipande kimoja. Tukalipaka dawa ya mchwa, tukalifunga. Mtafute fundi wa namna hii na wewe. Unguja wapo, na kuhusu ubao na maji wanajua kuliko fundi wa magari.

Jambo moja tu tulishauriana. Yeye alitaka kupiga misumari ya chuma, mimi nikamwomba tutumie skrubu za chuma kisichoshika kutu, kila moja tumeichovya kwenye gundi kabla ya kuikaza. Alumini ikigusana na chuma au shaba mahali penye unyevu wa chumvi, inayoliwa ni alumini. Utaiona inatoa unga mweupe kuzunguka kichwa cha skrubu, na mwisho tundu linapanuka na skrubu inacheza. Ile gundi inazitenga. Wewe ulizingatie zaidi yangu, kwa sababu unataka kulipeleka Makunduchi kwa Mwaka Kogwa, na mwezi wa Julai kusi inavuma kutoka baharini. Kila ukirudi kutoka pwani lioshe kwa maji ya mfereji, chini ya chasisi khasa, na ukilirudisha nyuma mchangani, usifike mahali magurudumu yataguswa na maji ya bahari. Beringi zikinywa maji ya chumvi hazina maisha.

Sasa hewa. Kile kifuniko cha paa juu ya kitanda ndicho kitu cha thamani kuliko vyote ndani ya tela. Hewa moto hupanda, ikipata pa kutokea juu, ya nje inavutwa kutoka chini. Mimi nimetia wavu wa mbu kwenye kifuniko na kwenye madirisha mawili yanayotazamana, na nikifika shamba nalisimamisha tela ubavu wake ukitazama upepo. Zulia nimeling'oa lote, nimetandika mkeka wa ukindu ambao asubuhi nautoa juani. Kitanda nimekipiga mbao zilizoachana vidole viwili, ili godoro lipumue kwa chini, na milango ya makasha nimeitoboa matundu. Paa nimelipaka rangi nyeupe. Ubavu unaopigwa na jua la mchana nimeutilia kipenu cha turubai, na ukikaa ndani adhuhuri unaujua mara moja upande wenye kipenu kwa kuweka kiganja ukutani. Mapazia, kwa kuwa umeuliza, ni kanga basi. Kitambaa kizito kinashika unyevu.

Kwenye sakafu, karibu na jiko, utaona tundu lenye wavu. Najua itakujia fikra ya kuliziba kwa ajili ya siafu na panya. Usilizibe kabisa! Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini, na tundu lile ndilo linaloitoa nje. Badilisha wavu uwe mdogo zaidi, lakini liache wazi. Mtungi wenyewe ukae nje au kwenye kasha lake lisilofunguka ndani. Na jiko la mkaa lisiingie ndani hata likiwa limebaki majivu na makaa mawili, hata mvua inyeshe namna gani. Hewa yenye sumu ya mkaa haina harufu, na watu hufa usingizini. Waambie na watoto.

Umeme usikutishe. Mimi nina paneli ya wati 100 na betri ya kawaida ya volti 12, ampea-saa 100. Feni ya wati 15 nikiiwasha kwa muda wa saa kumi, taa mbili ndogo za wati 5 kwa saa tano, na simu mbili, jumla ni kiasi cha wati-saa 230 kwa usiku. Paneli ikipata saa tano za jua zuri, hata ukitoa kinachopotea, inarudisha zaidi ya hapo. Betri ya namna hii usiishushe chini ya nusu, na nusu yake ni wati-saa 600, yaani mawingu ya siku mbili unayavuka. Friji sijatia, nina kasha la barafu na linanitosha. Kitu ambacho mafundi wengi hawakizingatii ni waya. Umeme wa volti 12 unapotea njiani: ukipitisha ampea 10 kwenye waya wa milimita za mraba 2.5 kwa umbali wa mita 5, kwenda na kurudi umepoteza karibu volti 0.7. Tia waya wa 6, upotevu unashuka chini ya nusu. Na fyuzi ikae karibu na betri kabisa, kabla waya haujapita popote.

Limebaki la uzito, nalo ni la barabarani. Pua ya tela, pale linapoungana na gari, inatakiwa ibebe asilimia 5 mpaka 7 ya uzito wote. Tela la kilo 600 pamoja na vilivyomo, basi kwenye gari zishuke kilo 30 hadi 42. Weka mizani ya kupimia watu chini ya pua, uweke gogo juu yake, usome. Nyuma kukiwa kuzito tela linayumba, na likishaanza kuyumba kwenye mteremko kulirudisha ni vigumu. Kwa hiyo maji na betri viwe karibu na ekseli, na kumbuka dumu la lita 40 ni kilo 40. Mimi hata nikirudi na karafuu kavu, magunia nayapanga katikati, sithubutu kuyatia nyuma.

Matairi yatazame umri, usitazame sura. Ubavuni, mwisho wa mstari unaoanza na DOT, mna namba nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya tela huzeeka yakiwa yamesimama. Yakipita miaka 7 yabadilishe, hata kama hayajawa kipara.

Na kabla hujalivuta popote, hakikisha lile tufe la nyuma ya gari yako ni la milimita 50. Madukani yapo pia ya inchi 2, yanafanana kwa macho, lakini inchi 2 ni milimita 50.8 na kifungio cha tela lako hakitakaa sawasawa juu yake. Pima mwenyewe kwa kalipa, usiambiwe tu.

Karafuu zikimalizika nitavuka kuja Unguja, inshallah, na mkoba wangu wa zana. Nataka nikute umeshalipitishia maji na kuchora chaki kila panapovuja, ili siku hiyo hiyo tuanze kufungua mishono. Ukipita Darajani niulizie bei ya utepe wa butili, huku Wete umeadimika, na wangu umebakia kipande kidogo tu. Nijibu mapema nijue ninunue tepe ngapi za kwetu sote wawili.

Nisalimie shemeji, watoto na mama.

Wasalaam,
Sahibu yako wa tangu skuli