Kisu cha mkono mmoja kisinunuliwe kwa mlio

Mhariri,

Visu vya kukunja vinavyofunguka kwa mkono mmoja vimejaa kwenye meza za wachuuzi, na mtindo wa kuviuza ni ule ule: muuzaji anakifyatua hewani, kinalia "tak!", mnunuzi anatoa pesa. Mlio huo haumwambii mnunuzi lolote. Yanayofaa kuchunguzwa ni mambo mawili yasiyolia: kinachozuia bapa lisitoke lenyewe likiwa mfukoni, na kinachozuia lisikunjike likiwa kazini.

Kwanza tuulize nani anakihitaji. Fundi wa umeme aliye juu ya ngazi, mfugaji aliyeshika mguu wa mbuzi, anayefunga mizigo kwa kamba ya nailoni: hao mkono wa pili una kazi. Anayekaa mezani hana haja nacho. Opinel ya Ufaransa, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1890, hufunguliwa kwa mikono miwili kwa kuingiza ukucha kwenye mfuo wa bapa. Pete ya shingoni iliyoongezwa mwaka 1955 inalifunga bapa vizuri sana. Ni kisu kizuri, na hakina skrubu ya kulegea.

Wanaohitaji mkono mmoja watakutana na njia kadhaa. Iliyo rahisi kuielewa ni tundu la mviringo kwenye bapa, ambalo Sal Glesser wa kampuni ya Spyderco, Marekani, alilitoa sokoni mwaka 1981 pamoja na klipu ya kuning'iniza kisu mfukoni. Gumba linakaa tunduni na kusukuma bapa kwa kuzungusha, kama anayechora nusu duara. Ukilisukuma kwa kulinyoosha, linakwama. Tundu halina kitu cha kulegea wala kung'oka, na wa mkono wa kushoto analitumia sawa na wa kulia. Kinundu cha gumba, kinachochomoza ubavuni mwa bapa, hufanya kazi hiyo hiyo, ila kina udhaifu wake: kile kilichofungwa kwa skrubu hulegea, na kikikaa karibu mno na bawaba, gumba hutumia nguvu nyingi kwa sababu wenzo ni mfupi. Wakati wa kunoa pia, kinundu hugonga jiwe na kukuachia kipande cha makali karibu na mpini kisichonolewa.

Halafu kuna ulimi, kile kipande cha bapa kinachochomoza upande wa mgongo kisu kikiwa kimekunjwa. Kidole cha shahada kinauvuta nyuma na bapa linaruka nje. Hapa ndipo wengi wanadanganyika wakidhani kuna springi ndani. Hakuna. Kuna gololi ndogo ya chuma iliyokandamizwa kwenye bamba la loki (lile linalozuia bapa lisikunjike likiwa wazi), na kitundu kwenye shina la bapa, yaani sehemu yake inayokaa kwenye bawaba. Kisu kikifungwa, gololi inaingia kitunduni na kulishika bapa. Unapovuta ulimi, nguvu inajikusanya mpaka gololi inaponyoka, na nguvu yote inatoka kwa mpigo. Gololi ikishika kwa ulegevu, hakuna nguvu ya kukusanya: bapa linafika nusu ya njia na kusimama. Kibaya zaidi, linaweza kutoka mfukoni bila kuguswa.

Kwa hiyo mbele ya muuzaji fanya hivi. Shika kisu kikiwa kimekunjwa, upande wa kutokea bapa ukitazama chini, mbali na mguu wako, kisha ukitikise kwa nguvu mara tatu au nne. Bapa likichungulia, kirudishe mezani. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Lipo tatizo jingine ambalo watu hulilaumu kisu kumbe ni mshiko. Kwenye visu ambavyo ubavu wenyewe wa mpini ndio loki, vidole vinne vya mkono wa kulia hulalia ubavu huo. Ukiubana, unaikandamiza gololi kitunduni na bapa linakataa kutoka hata uvute vipi. Sogeza ncha za vidole ziegemee klipu au ukingo wa mpini, si bamba la loki, na kisu hicho hicho kitafunguka kama maji.

Ndoana iliyochongwa mgongoni mwa bapa, inayonasa ukingo wa mfuko na kufungua kisu unapokichomoa, sitaizungumzia sana. Inachana mifuko, na kwenye foleni ya matatu hakuna anayehitaji bapa lililo wazi kabla hajaamua kulitumia.

Springi halisi iko ya aina mbili, na tofauti yake ni kubwa. Ya kwanza ni kitufe kwenye mpini: ukikibonyeza, bapa linaruka lenyewe bila wewe kuligusa. Ya pili ni springi saidizi, ambayo inasubiri usukume bapa kidogo kwa kidole ndipo ilidake na kulimalizia. Kuitambua, fungua polepole: mwanzoni bapa linavutwa kurudi ndani, kisha ghafla linakuponyoka kwenda nje. Sheria za nje zinazingatia tofauti hiyo. Marekani ilibana biashara ya visu vya kitufe kati ya majimbo kwa sheria ya mwaka 1958, na mwaka 2009 ikaviondoa humo vile vya springi saidizi. Uingereza ilipiga marufuku vya kitufe mwaka 1959. Hapa kwetu Kenya mlinzi wa mlangoni hatakaa akuulize kuhusu gololi. Sheria ya utulivu wa umma, Sura ya 56, inakataza kuwa na silaha ya kudhuru mahali pa umma bila sababu ya haki, na kuithibitisha sababu hiyo ni juu yako wewe. Kisu kikae kwenye sanduku la vifaa pamoja na koleo na bisibisi, si kiunoni unapokwenda mjini kununua viatu.

Sasa loki, ambayo ndiyo inayookoa vidole. Kwenye visu vingi vya bei nafuu ni bamba jembamba la ndani ambalo huruka na kukaa nyuma ya shina la bapa kisu kinapofunguka. Fungua kisu, kigeuze, uangalie kwa nyuma. Bamba lifunike walau thuluthi ya unene wa shina. Likigusa ukingo tu, litateleza ukilikandamiza. Likiwa limevuka hadi ubavu wa pili, limekwisha kulika. Kisha weka mgongo wa bapa kwenye mbao, vidole vyote vikiwa nje ya njia ya makali, na ukandamize taratibu. Usigonge. Kugonga kunaharibu hata loki nzima, na hakuna kazi ya kawaida inayofanana na kipigo hicho. Loki ya mgongoni, ile ya kubonyezwa karibu na mwisho wa mpini, haina taabu hizi nyingi, ila taka zikijaa kwenye mfuo wake haishiki.

Kufunga ndiko kunakokata watu kuliko kufungua. Kwenye loki ya bamba, gumba linalisukuma bamba pembeni, na hapo gumba liko moja kwa moja kwenye njia ya bapa. Anzisha bapa kwa kidole cha shahada kidogo tu, mpaka litoke kwenye loki, ondoa gumba, ndipo umalizie. Asiyeweza kufanya hivyo bila kutazama atumie mkono wa pili. Hakuna aibu.

Kuhusu vumbi la Nairobi: kisu chenye beringi za gololi kwenye bawaba kinateleza ajabu kikiwa kipya, lakini kwenye eneo la ujenzi mchanga ukiingia kinaanza kukwaruza baada ya muda mfupi. Kwa kazi za nje chagua chenye washa za shaba, yaani visahani vyembamba vya kwenye bawaba. Safisha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki mzee, kausha kabisa, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba. Mafuta ya kupikia huganda na kunata kama gundi. Uso wa loki ya bamba usipakwe mafuta, maana huko ndiko hatutaki kuteleze. Muuza matunda, ambaye kisu chake hugusa chakula, atumie parafini ya maji inayouzwa duka la dawa kwa wenye tumbo gumu, na asiichanganye na mafuta ya taa.

Bapa likicheza kushoto na kulia, kaza skrubu ya bawaba kwa nusu ya robo ya mzunguko, jaribu, rudia. Skrubu hizi kwa kawaida ni za Torx, zenye tundu la nyota ya ncha sita, saizi T6 hadi T10. Bisibisi ya nyota ya kawaida, ile ya ncha nne, itazila vichwa, lakini mafundi wengi wa simu wa barabara ya Luthuli jijini wana bisibisi zake ndogo. Ikilegea tena na tena, tia chembe ya gundi ya skrubu ya buluu kwenye uzi, si nyekundu, kwa kuwa nyekundu haiachii bila moto. Na ukikaza mpaka mchezo uishe lakini bapa likakataa kusogea, washa zimelika: zibadilishwe, usizidi kukaza.

Mwisho ni klipu. Kisu kikining'inia na ncha ya bapa ikiwa juu, mgongo wa bapa uegemee mshono wa nyuma wa mfuko, ili hata gololi ikiponyoka mshono ulizuie. Kwa mwenye mkono wa kushoto hilo linawezekana tu ikiwa klipu inahamishika, na kuna visu vingi vyenye matundu ya klipu upande mmoja pekee. Muuzaji angewaambia wateja wake hilo kabla hajapokea pesa.

Mnoa visu,
Kamukunji, Nairobi