Kikao cha vijana wanaotaka ualimu

Habari za jioni ndugu zangu. Kikao ni Jumamosi saa 8 mchana, sio saa 10 tena, palepale Nyegezi kwa mwenyekiti.

1. Vijana waje na nakala za vyeti vya kidato cha nne na sita. Tutaangalia nani aombe stashahada Chuo cha Ualimu Butimba, nani shahada SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino).
2. Mwalimu wetu mstaafu atafungua azimio la kazi (mpango wa mada za kufundisha) na andalio la somo (mpango wa kipindi kimoja) waone. Wengi wanadhani kazi ni chaki tu. Madaftari ya kusahihisha usiku na zamu hawayajui!
3. Mchango 2,000 ya soda na fotokopi, kwa mhazini kabla ya Ijumaa jioni.

Anayekuja aandike "nipo" na idadi ya vijana wake, tafadhali.