Usiifute programu ile

Tanga,
14 Machi 2024

Swahiba yangu,

Salaam nyingi. Barua yako imenifikia juzi, na nimefurahi kusikia mama amepata nafuu. Nifikishie shikamoo yangu. Huku hatujambo, ila joto la mwezi huu limetuzidi.

Unasema ile programu yenu ya mishahara ya mwaka 1993 haifunguki kwenye kompyuta mpya, na kijana aliyewauzia anashauri muifute muanze upya. Nakuomba sana, usiifute. Mimi jambo hili lilinikuta nilipokuwa karani kwenye shamba la mkonge.

Yetu iliandikwa kwa Turbo Pascal, lugha ya kuandikia programu, na mhasibu ambaye sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Maandishi ya programu, yale anayoweza kuyasoma mtu, yalikuwa kwenye disketi zilizoota ukungu. Kilichobaki ni faili la EXE, lugha ya mashine tupu, hakuna wa kuisoma wala kuirekebisha. Na rekodi za wakata mkonge zilikuwa zimefungwa humo humo: Turbo Pascal ilihifadhi namba zenye desimali kwa baiti 6 (baiti ni kipimo cha nafasi ya data), wakati programu za leo hutumia 4 au 8. Ukizifungua kwa Excel unaona vinyota na herufi za ajabu. Mzee akija kudai kiinua mgongo chake, alikatwa kiasi gani na lini, jibu lilikuwa kwa programu ile peke yake. Ndiyo maana naililia yenu.

Siku tulipoiweka kwenye kompyuta mpya ya Windows 98, ilifunguka ikafunga papo hapo, ikaacha mstari mmoja: "Runtime error 200", yaani imegawanya kwa sifuri. Tulilala tukiamini data imeharibika. Kumbe mashine ilikuwa na mbio kupita kiasi! Turbo Pascal ina sehemu iitwayo Crt. Programu ikiamka tu, sehemu hiyo huhesabu prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inazunguka mara ngapi katika pigo moja la saa ya kompyuta, kama milisekunde 55, kisha inagawanya kwa 55 ili ijue milisekunde moja ni kiasi gani. Jibu lazima litoshe kwenye biti 16, lisizidi 65,535. Prosesa zilipofika kwenye megahezi 200 hivi, jibu likaanza kufurika, prosesa ikaripoti kosa lile lile la kugawanya kwa sifuri, na programu ikafa kabla haijaonyesha chochote. Tulipona kwa kubadilisha baiti chache ndani ya EXE yenyewe, baada ya kutoa nakala.

Yenu ina tatizo jingine. Programu kama hizi ziliandikwa kwa DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, na Windows 95 na 98 zilikaa juu yake. Windows XP nayo iliitengea DOS chumba chake, ikitumia uwezo ulioanza na prosesa ya 80386 mwaka 1985 wa kujifanya 8086, prosesa ya zamani zaidi. Prosesa ikiendeshwa kwa biti 64, uwezo huo haupo, na Windows 11 ni ya biti 64 tu. Kwa hiyo usihangaike na kule kwenye mipangilio ya kuiambia ijifanye Windows ya zamani, haitasaidia. Kijana wenu kasema kweli kwamba haifunguki, lakini kufa haijafa.

Dawa yake ni DOSBox, programu inayoigiza kompyuta nzima ya zamani, prosesa na vyote, ndani ya dirisha moja. Nakili folda yote, si EXE peke yake, kwenye flashi mbili. Kisha iweke C:\MISHAHAR, bila A ya mwisho, maana DOS haizidishi herufi 8. Fungua DOSBox uandike: mount c c:\mishahar, halafu c:, halafu jina la programu. Ikikuletea lile kosa la 200, ingia kwenye faili la mipangilio la DOSBox uandike cycles=3000. Hapo mashine itapunguza mwendo na programu itaamka.

Kuchapisha ndiko kutakakokusumbua. DOSBox ya kawaida haina tundu la printa, kwa hiyo chukua DOSBox-X, ambayo inaweza kukuwekea kilichochapishwa kwenye faili. Tena waliotengeneza DOSBox walilenga michezo, si daftari za ofisi. Makarani wawili wasifungue data ile ile kwa pamoja, na kila jioni toa nakala.

Ikishafunguka, kabla hamjanunua chochote, chapisha kadi ya kila mfanyakazi kwenye faili, hata waliostaafu. Hasa waliostaafu. Hao ndio watakaokuja mlangoni na vikaratasi vilivyochakaa, na programu mpya haitakuwa na habari zao.

Jumamosi sina kazi. Nipigie ukiwa mbele ya kompyuta, flashi zote mbili ziwe mkononi, tuifungue pamoja.

Wako akupendaye.