Miaka ya kipenga si utangulizi tu

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu mwamuzi mstaafu wa mpira wa wavu ambaye sasa ni kiongozi wa michezo. Nashukuru mmemkumbuka, maana marefa wa wavu huonekana gazetini pale tu wanapovuruga. Lakini miaka yake yote ya kipenga mmeimaliza kwa sentensi moja, kisha mkarukia vyeo: mjumbe wa kamati, katibu, makamu mwenyekiti. Msomaji asiyeujua mchezo huu atadhani uamuzi ulikuwa mahali pa kungojea tu, na kwamba kazi yenyewe ilianza siku alipokabidhiwa ofisi. Mimi niliyezoea kukaa kwenye meza ya waandishi wa alama naliona jambo hili kwa namna nyingine kabisa. Uongozi alijifunzia kule juu, kwenye ile ngazi anayosimama refa kando ya wavu.

Chukueni suala la mzunguko wa wachezaji. Ikigundulika katikati ya seti kuwa timu imekuwa ikianzisha mpira kwa zamu isiyo sahihi, haitoshi kuwaambia wajipange upya. Kanuni zinataka ijulikane kosa lilianza wakati gani hasa. Likijulikana, pointi zote ambazo timu hiyo ilipata tangu hapo zinafutwa, na wapinzani wanabaki na zao. Lisipojulikana hakuna cha kufuta: wapinzani wanapewa pointi moja na haki ya kuanzisha, basi. Maana yake timu inaweza kuondoka na pointi ambazo haikustahili kwa sababu tu mwandishi alisinzia. Refa aliyewahi kusimama pale, makocha wawili wakimkodolea macho na ukumbi mzima ukizomea, huku yeye akingoja karatasi ya alama imwambie ukweli, hahitaji semina ya kumweleza kwa nini muhtasari wa kikao uandikwe vizuri.

Au lile la nahodha. Asiporidhika na maelezo ya mwamuzi wa kwanza, yaani refa mkuu wa mchezo, lazima amwambie papo hapo kuwa anahifadhi haki ya kuandikisha malalamiko kwenye karatasi ya alama mchezo ukiisha. Akinyamaza, akaja kupiga kelele baada ya kipenga cha mwisho, ameshachelewa. Utaratibu ni mfupi na kila mtu anaujua kabla mpira haujarushwa. Linganisheni na rufaa zinazozungushwa miezi na miezi katika vyama vya michezo, huku hakuna mwenye uhakika zilipaswa kupokelewa lini wala na nani.

Viwanja nisiseme sana. Juu ya uwanja wa wavu panatakiwa nafasi ya angalau mita 7 isiyo na kizuizi chochote, na pembeni angalau mita 3 kila upande. Kimo cha wavu ni mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake, na pale juu ya mistari ya pembeni lazima kimo kilingane, kisizidi kile kipimo kwa zaidi ya sentimita 2. Kiongozi ambaye hajawahi kushika kijiti cha kupimia wavu ataidhinisha ukumbi kwa kuhesabu viti vya watazamaji. Aliyewahi kuwa refa ataanza na dari.

Kuna jambo jingine ambalo makala yenu iligusa kisha ikaacha, nalo ni mabadiliko ya kanuni. Uamuzi wa mwaka 1998 kwamba kila mpira unaochezwa uzae pointi, badala ya pointi kwenda kwa timu inayoanzisha tu, ulipitishwa na viongozi mkutanoni, lakini mzigo wake waliubeba marefa. Zamani kipenga kilichokosewa mara nyingi kilihamisha mpira tu kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Sasa kila kosa la refa lina pointi ndani yake, na kwenye seti ya tano, ambayo ni ya pointi 15, hakuna nafasi ya kulifidia. Vivyo hivyo kanuni ya kugusa wavu: kuanzia 2009 lilihesabiwa zaidi kosa la kugusa utepe wa juu, kisha kufikia 2015 tukarudi kwenye kugusa popote kati ya antena mbili, zile fimbo zinazosimama pembeni mwa wavu, mchezaji anapocheza mpira. Wachezaji walilazimika kujifunza, wakasahau, wakajifunza tena. Sisemi viongozi walikosea kujaribu. Nasema meza inayopitisha mambo ya aina hiyo inamhitaji mtu aliyewahi kuutazama mkono ukipita sentimita chache kutoka kwenye wavu na kulazimika kuamua hapo hapo.

Hata hivyo sitaki nionekane ninawapigia debe marefa wote. Kazi hii ina ugonjwa wake. Kanuni zinampa mwamuzi wa kwanza mamlaka makubwa: anaweza kutengua uamuzi wa wenzake, anaamua hata lile ambalo halikuandikwa, na haruhusu mjadala juu ya alichokwisha kuamua, ingawa nahodha akiomba maelezo lazima ampe. Mtu akikaa na mamlaka hayo miaka mingi, akiingia ofisini anaweza kudhani kikao cha wajumbe nacho ni mchezo wa seti tano. Nimewaona wa namna hiyo. Wanakata maneno ya wenzao kama wanavyokata mchezo. Heri imekuja ile teknolojia ya kuomba marudio ya video, iliyotumika hata kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, ambapo refa anasahihishwa mbele ya ukumbi mzima na anageuza uamuzi wake bila kununa. Anayetoka kwenye kizazi hicho cha uamuzi nina imani naye zaidi.

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Mwamuzi wa kimataifa chini ya Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Wavu, FIVB, kwa miaka mingi alitakiwa kuweka kipenga chini akifika miaka 55, hata kama macho yake bado yaliona mstari vizuri kuliko vijana. Upande wa ofisi umekuwa na hesabu nyingine. Tangu FIVB ianzishwe Paris mwaka 1947 hadi mwaka 2008, ilikuwa na marais wawili tu: Paul Libaud wa Ufaransa, hadi 1984, kisha Rubén Acosta wa Meksiko. Miaka 61, watu wawili. Wapo watakaosema uthabiti huo ndio uliojenga mchezo, na siwezi kukataa kwamba ulikua sana. Ila siioni mantiki ya kumwekea kikomo anayesimama mbele ya umma kila wiki, huku anayekaa nyuma ya mlango akijipangia kikomo chake.

Ndiyo maana nadhani refa anayeingia kwenye utawala anapaswa kuja na desturi mbili alizozizoea: awe na tarehe ya kuondoka, na aache kuchezesha tangu siku anapokalia kiti. La pili wengi hulipuuza. Mtu hawezi kuwa kwenye kamati inayowapangia waamuzi mechi, kisha Jumamosi akajipangia fainali. Hata akichezesha kwa haki kabisa, timu itakayofungwa haitaamini, na refa kijana aliyenyimwa mechi hiyo hatakuwa na pa kwenda kulalamika, kwa kuwa ofisi ya malalamiko na mpinzani wake ni mtu mmoja.

Ombi langu kwenu, mkirudi tena kwa huyo bwana, mwulizeni alichezesha mechi yake ya mwisho lini, na siku hiyo alikuwa tayari na cheo gani. Pia mwulizeni ni nani alikuwa akimpangia.

Wenu katika michezo,
Mwandishi wa alama